Bustani ya Mama, Jua na Mvula



Sisi ni ndugu wawili, watoto wa nyumba moja hapa Kamina. Mmoja wetu yuko mwaka wa tatu, mwingine yuko mwaka wa kwanza. Wenzetu wengi wanatuita "Lengalenga", juu ya mboga tunazouza asubuhi mbele ya kuja masomoni, na tena juu ya malengelenge ya mikono yetu. Hatukasiriki. Wanaotengeneza gazeti letu walituomba kuandika namna tunavyomwagilia bustani wakati wa jua na wakati wa mvula. Tulifikiri ni jambo la nusu ukurasa. Kumbe, tulipokaa mezani kuandika, tuliona kwamba ndani yake kuna mambo ambayo hatukupenda watu wayajue. Tumepatana kuyasema yote, kwa maana ukificha makosa yako hufundishi mtu.

Kwanza, bustani yenyewe. Iko nyuma ya nyumba, ndani ya lupango letu. Ina matuta manane, kila tuta mita 1 kwa mita 6. Matatu ni ya lengalenga, mawili ya shu, mawili ya tomati, na moja ya vitunguu. Bibwabwa vinatambaa pembeni, kando ya ua. Ni bustani ndogo. Lakini Kamina ni mji wa reli. Njia ya kutoka Lubumbashi mpaka Ilebo, iliyofika kule mwaka 1928, inapita hapa, na tangu mwaka 1956 kuna njia nyingine inayotoka hapa kwenda Kabalo. Tena tangu mwaka 2015 mji wetu ni mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami. Watu ni wengi, na kila nyumba inatafuta mboga ya kula na bukari. Treni ikichelewa, vitu vinapanda bei, na mwenye lengalenga nyuma ya nyumba anapata makuta.

Kwa hiyo mama husema bustani ni banki yake. Malipo katika shule za msingi za serikali yalitangazwa kukoma mwaka 2019, lakini kwa sekondari wazazi wangali wanalipa. Minervali yetu sisi wawili inatoka katika matuta yale manane. Hakuna pengine.

Mwezi wa sita wa mwaka 2023, mama alianguka njiani na kuumia mgongo. Munganga akamkataza kubeba kitu kizito chochote. Ulikuwa mwanzo wa jua kali. Hapa kwetu mvula inaacha karibu na mwezi wa tano, na hairudi kwa nguvu mpaka mwezi wa kumi. Karibu miezi mitano ya jua. Na bidoni moja ya maji ina litre 20, ndiyo kusema kilo 20. Basi mama hakuweza. Alituita, akatuambia: "Batoto, bustani ni yenu sasa. Ikikufa, masomo yenu inakufa nayo." Tukaitika, tukafikiri ni kazi rahisi. Kutia maji, nani hajui?

Juma la kwanza tulimwagilia kama watu wanaozima moto. Tulichukua arozwari, tukakimbia juu ya matuta, tukaona bulongo imekuwa nyeusi, tukashangilia, tukaenda kucheza mpira. Baada ya siku kumi lengalenga ilianza kulegea saa sita, majani yakining'inia kama masikio ya mbuzi. Mama akatoka polepole na fimbo yake, akasema: "Mutie kidole mu bulongo." Tukatia kidole. Juu palikuwa na unyevu wa upana wa ukucha tu, na chini yake vumbi tupu. Tulikuwa tunanywesha ngozi ya bulongo, mizizi haikupata kitu.

Hapo ndipo tulipoanza kuhesabu, jinsi tulivyofundishwa darasani. Maji yenye kimo cha milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni litre 1. Wakati wa jua kali, mboga pamoja na bulongo yake zinaweza kupoteza karibu milimita 5 kwa siku, ndiyo kusema litre 5 kwa kila mita ya mraba. Matuta yetu yote ni mita 48 za mraba. Basi 48 mara 5 ni litre 240, yaani bidoni 12 kila siku. Sisi tulikuwa tunatia bidoni 5, na kushangaa juu ya nini mboga zinakauka.

Bidoni 12! Tukaanza kuamka saa kumi na nusu ya alfajiri. Kisima chetu kilivumilia mwezi wa saba. Mwisho wa mwezi wa nane kilianza kutoa matope. Na masomo yalikuwa yanakaribia kuanza, na minervali ya kwanza ilikuwa imesimama juu ya matuta, bado mbichi.

Sasa tunafika kwenye jambo la aibu. Jirani yetu ni mama mjane, mzee sana, tunamwita nkambo. Kisima chake ni kirefu kuliko chetu. Alikuwa ametupa ruhusa ya kutosha bidoni mbili kwa siku, za kunywa na kupika, na tulimshukuru. Lakini bidoni mbili hazifiki popote kwa bustani. Hatukumwomba zaidi, tuliogopa atakataa. Tukaanza kupita uani usiku, saa tisa, na kamba yetu, tukatosha maji kimya kimya. Usiku wa kwanza bidoni sita. Usiku wa pili nane. Tulifanya hivyo siku nne, na siku ya Mungu tulikuwa kanisani tukiimba pamoja naye, kwenye benchi moja.

Usiku wa tano tulipofika kisimani, tukakuta kamba yake na ndoo yake vimewekwa juu ya mdomo wa kisima, vinatungoja. Nkambo huingiza kamba yake ndani kila mangaribi, tangu tulipokuwa wadogo. Tulisimama pale, miguu ikitetemeka. Tukarudi nyumbani na bidoni tupu.

Asubuhi alikuja. Alikaa na mama muda mrefu, wakazungumza habari za mgongo, za dawa, na za mkutano wa akina mama. Hakusema neno juu yetu. Alipotoka, akatuita nje.

"Mimi ni muzee," akasema, "muzee halali sana. Nilisikia kamba yenu."

Tukapiga magoti. Akasema tena: "Munatosha maji yote usiku kwa mara moja. Asubuhi kisima inanipa bulongo. Kisima ni kama ng'ombe, inataka muda ya kujaza maziwa. Mutoshe kidogo asubuhi, muache irudie, kisha mutoshe kidogo mangaribi. Na mumwagilie matuta yangu mawili, miye siwezi tena. Na mupige hodi."

Tukapiga mikono jinsi inavyofaa mbele ya mkubwa, tukasema: "Wafwako, nkambo." Tangu siku ile tunapiga hodi. Hatukuweza kula vizuri siku ile, lakini maji yalipatikana.

Hata hivyo maji ya nkambo yalikuwa na kipimo, na sasa tulikuwa na matuta kumi. Ikatubidi kutumia akili kuliko mikono. Tulifanya mambo manne. La kwanza, tulishusha matuta, yakawa chini kidogo kuliko njia, na ukingo wa bulongo kuyazunguka, ili maji yasikimbie. La pili, tulikata nyasi kavu za pori na kufunika bulongo kati ya miche, jua lisiipige moja kwa moja. La tatu, tulimwagilia alfajiri tu, kwa maana maji ya saa sita yanapanda juu na hewa kabla ya kushuka. La nne, tuliacha kunyunyiza kila siku kidogo kidogo. Tuta moja likinywa leo, linakunywa mpaka ndani, na kesho linapumzika. Mzizi unafuata maji. Maji yakishuka, nao unashuka, na mche wenye mzizi mrefu hauogopi jua la siku mbili. Kwa njia hii bidoni 9 zilifanya kazi ya bidoni 12. Mwezi wa tisa tukalipa minervali, wote wawili.

Tukaona tumekuwa mabingwa. Na hapo tukasahau kwamba mvula iko njiani.

Mvula kubwa ya kwanza ilifika mwisho wa mwezi wa kumi, usiku, na upepo. Tuliruka kitandani kwa furaha, tukaacha bidoni zilale. Tulikuwa tumeweka kopo lenye pande zilizonyooka katikati ya lupango, mbali na miti na paa, ili kupima mvula kwa rula. Asubuhi tukasoma milimita 52. Fanyeni hesabu pamoja nasi: 52 mara 48 ni litre 2,496, karibu bidoni 125. Maji ambayo sisi tungebeba kwa siku kumi yalishuka katika usiku mmoja, bure. Lakini matuta yetu yaliyoshushwa yalikuwa yamegeuka mabwawa. Mbegu za lengalenga tulizopanda siku tatu mbele zilikuwa zimesukumwa zote kwenye kona moja. Vitunguu vilikaa ndani ya maji siku mbili, vikaoza. Mzizi nao unapumua. Maji yakijaza nafasi zote za hewa ndani ya bulongo, mzizi unazama kama mtu.

Kilichookoa bustani wakati wa jua ndicho kilichoiua wakati wa mvula. Tungepaswa kuinua matuta mwanzo wa mwezi wa kumi, kabla ya wingu la kwanza. Tuliyainua tukiwa tumechelewa, kimo cha kiganja na nusu, tukachimba mifereji kati yake, ikielekea kwenye mashina ya ndizi, ambayo yanakunywa maji mengi. Tukaacha nyasi juu ya bulongo, maana nyasi zinavunja nguvu ya matone, na bulongo yetu ya kichanga isichukuliwe. Mvula nyingi tena inaosha chakula cha mimea na kukishusha chini. Kwa hiyo mboli haimwagwi yote siku moja. Tunaitia kidogo kidogo.

Basi tukasema: sasa ni masika, Mungu mwenyewe atamwagilia. Njo kosa letu kubwa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2024 mvula ilikatika. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametueleza kwamba ukanda wa mvula unafuata jua. Mwezi wa kwanza unakuwa umeshuka mbali kusini, na sehemu kama zetu zinaweza kukaa siku nyingi bila mvula katikati ya masika. Tuliandika somo lile, tukapata alama nzuri. Lakini kila mangaribi tuliona mawingu yamejaa upande wa mashariki, yananguruma, tukasema: itanyesha usiku. Haikunyesha. Tulikuwa na shu 48 tulizozihamisha kutoka kitaluni juma moja mbele, mizizi yake bado mifupi. Siku ya tano mama akauliza: "Mumetia kidole?" Tukajibu: "Mama, ni masika." Siku kumi na tatu. Tuliangalia kalenda, hatukuangalia bulongo. Zilibaki shu 11.

Shu zile zilikuwa minervali ya pili. Katika mwezi wa pili mmoja wetu alirudishwa nyumbani kwa kukosa kulipa. Hatutasema ni nani, darasa lake linajua. Hatulaumu mtu, utaratibu ni utaratibu. Usiku tuliketi kuamua ni nani alipiwe kwa makuta yale kidogo yaliyokuwako, na mama alitoka nje, hakutaka kusikia. Majuma matatu mmoja wetu alibaki bustanini, mwingine alikuja masomoni, na mangaribi tulinakili madaftari pamoja kwenye taa. Kwa bidoni tano kila siku shu zile zingepona. Tulikuwa nazo bidoni, tulikuwa na maji, tulikuwa na miguu. Lililokosekana ni kutia kidole tu.

Mtu aliyeumwa na nyoka anaogopa kamba. Mvula iliporudi kwa nguvu mwezi wa tatu, sisi kwa hofu yetu tukaendelea kumwagilia kila mangaribi, juu ya majani ya tomati, hata kama ilinyesha mchana. Baada ya muda majani yakapata madoa ya rangi ya kahawa, na chini ya jani kitu cheupe kama unga. Ni ugonjwa unaoitwa mildiou. Unapenda majani yanayolala na maji usiku kucha. Ni ugonjwa ule ule ulioharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wapata milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa yake, na wengine wengi wakavuka bahari kwenda Marekani. Tukang'oa mashina yaliyoharibika, tukayachoma moto. Yaliyobaki tuliyafunga kwenye miti yasimame, tukatosha majani ya chini yanayogusa bulongo, tukaacha nafasi ya upepo kupita. Tangu hapo maji ya tomati yanawekwa shinani, asubuhi, na kama kidole kinasema bulongo ina maji, hatutii kitu. Kujua siku ya kutotia maji nako ni kumwagilia.

Neno moja zaidi kuhusu maji machafu. Wakati wa mvula mtaro wa barabara unajaa, uko karibu, na ni rahisi kuchota pale. Mama alikataa kabisa. Jimbo letu linajua kipindupindu, sanasana upande wa maziwa ya Upemba. Maji ya mtaro yanapita karibu na vyoo, na tomati inaliwa mbichi. Bora kukusanya maji ya paa. Paa letu la mabati lina mita 30 za mraba. Mvula ya milimita 20 inatoa litre 600, ndiyo kusema mapipa matatu ya litre 200, hata kama kidogo kinapotea. Tuna pipa moja tu, lenye mfuniko juu ya mbu. Lilitusaidia siku kavu za katikati ya masika.

Ndugu wasomaji, tulisoma tena Kumbukumbu la Torati, sura ya 11, mstari wa 10 na wa 11. Pale Musa anawaambia watu tofauti ya Misri, ambako mtu anamwagilia kwa nguvu ya mguu wake kama bustani ya mboga, na nchi ya ahadi inayokunywa mvula ya mbinguni. Zamani tulifikiri hizi ni nchi mbili tofauti. Lakini sisi wa Kamina tunakaa katika zote mbili ndani ya mwaka mmoja: miezi mitano Misri, miezi saba nchi ya mvula. Na hata ndani ya miezi saba, Misri inarudi siku kumi na tatu bila kupiga hodi. Mwenye kuomba mvula na asiangalie bulongo yake, anamjaribu Mungu.

Kwa kifupi, tunawaachia haya: pimeni maji yenu, tieni kidole kila asubuhi, jua au mvula, shusheni matuta mwezi wa tano na muyainue mwezi wa kumi, funikeni bulongo, msilaze majani na maji. Na mkihitaji maji ya jirani, ombeni mchana.

Kiangazi cha mwaka 2024 tulikianza na hodi kwa nkambo. Mwezi wa tisa tulilipa minervali wawili, na aliyepoteza majuma matatu alikuwa amefaulu mtihani wake. Mama bado habebi bidoni. Lakini kila alfajiri, sisi tukiwa kisimani, tunamwona anatoka na fimbo yake, anainama polepole, anatia kidole.

Ni sisi, ndugu wawili wa lupango moja,
"Lengalenga" wa mwaka wa tatu na wa mwaka wa kwanza.